Simu ya Mama Tusajigwe

Siku ya maji, nyumbani kwa akina Herieth hakuna anayelala mpaka jua lichomoze. Mama yake hufungua koki, baba yake hupanga madumu, na Herieth husimama karibu na tangi kuangalia lisifurike. Kama hujawahi kuishi kwenye vilima vya Kimara, huenda ukacheka kusikia familia nzima inaamka kwa sababu ya bomba. Cheka tu. Wenyeji wa huko hawacheki, maana maji yakipita bila kukingwa ni kungoja zamu nyingine, na zamu nyingine iko mbali.

Mtaa wao wa Msufini una kisima kirefu kilichochimbwa kwa michango ya wakazi. Pampu yake haina nguvu ya kupeleka maji kila nyumba kwa wakati mmoja, kwa hiyo kamati ya maji iliugawa mtaa: mstari wa bondeni, mstari wa kati na mstari wa juu. Kila mstari una siku zake. Shida ni kwamba siku hizo hazitulii. Umeme ukikatika, zamu inasogea. Pampu ikileta ukorofi, zamu inasogea tena. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Fransis, alikuwa akibandika tangazo kwenye mlango wa ofisi yake, kisha habari husambaa kwa midomo kutoka uzio hadi uzio, na ikifika mstari wa juu imeshageuka kuwa habari nyingine kabisa.

Ndiyo maana siku moja Mzee Fransis alikwenda shule ya sekondari ya jirani kumwona Mwalimu Gervas, mlezi wa klabu ya kompyuta.

"Mwalimu," alisema, "hawa vijana wako wanaoshinda kwenye kompyuta, hawawezi kututengenezea kitu cha kuangalia zamu kwenye simu?"

Mwalimu Gervas akamjibu kwamba wanaweza. Habari hiyo ilipofika klabu, aliyefurahi kuliko wote ni Herieth. Alikuwa kidato cha pili, kiongozi wa klabu, na alipenda sana watu wajue kwamba ni kiongozi wa klabu.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kuchagua vifaa. Mwalimu Gervas alieleza kwamba mtu anayetengeneza tovuti kwa lugha ya JavaScript anaweza kuandika kila kitu mwenyewe, au anaweza kutumia fremuweki. Alitumia mfano wa nyumba: badala ya kuchonga kila dirisha na kila mlango, unachukua vilivyo tayari, unavipachika.

"Fremuweki ziko nyingi," alisema. "Kubwa zinakuja na vifaa vya kujengea ghorofa. Ndogo zinakuja na bawaba na kitasa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, tujiulize tunajenga nini."

Herieth hakujiuliza. Mkono wake ulikuwa juu kabla mwalimu hajafunga mdomo.

"Mwalimu, tutumie React, ile fremuweki kubwa. Kaka yangu Isack anasema kampuni kubwa kubwa ndiyo zinatumia hiyo."

Klabu nzima ikaitikia kwa kichwa. Najma tu, aliyekaa safu ya nyuma, ndiye ambaye hakuitikia. Najma alihamia Kimara kutoka Lindi mwaka uliotangulia. Alikuwa mpole wa kuongea, lakini upole huo haukufika kwenye kufikiri.

"Naomba kuuliza," alisema. "Watakaofungua huu ukurasa wana simu gani? Bibi yangu anatumia kile kivinjari cha kubana bando. Ukurasa mzito haufungukagi kule. Mie naona ratiba yenyewe tuiandike kawaida tu, halafu tuongeze fremuweki ndogo kama Alpine kwa ajili ya kitufe cha kuchagua mstari. Hata JavaScript ikigoma, ratiba itaonekana."

Lilikuwa wazo zuri, na Herieth alijua ni zuri. Hicho ndicho kilichomuudhi.

"Sasa klabu nzima tukae kutengeneza kitufe?" alisema kwa sauti ya kuchekesha watu. "Si tutaonekana chekechea!"

Darasa likaangua kicheko. Najma akatengeneza hijabu yake.

Kuna jambo ambalo Herieth hakulisema siku ile. React yenyewe alikuwa hajaielewa. Alikuwa akitazama video, anafuata mkono wa mwalimu wa kwenye video, na video ikiisha na yeye ndiyo ameishia hapo. Angeweza kusema, "Mwalimu, hii bado najifunza." Hakuna ambaye angemcheka. Lakini kiongozi wa klabu aseme hajui? Herieth aliona bora aumwe jino.

"Haya," alisema Mwalimu Gervas. "Kiongozi ni wewe, nakuachia uamue. Ila nina sharti. Kabla hatujawakabidhi watu, mjaribu kwenye simu ndogo za hapa mtaani, kwa bando la kawaida."

"Sawa, mwalimu."

Jumamosi Herieth alikwenda Kurasini, ambako kaka yake alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha. Nje malori ya makontena yalipanga foleni kuingia bandarini, lakini ndani kulikuwa na kiyoyozi na mtandao wa kasi ambao Herieth hakuwahi kuuona shuleni. Alitafuta mtandaoni mfano wa tovuti uliokwisha kutengenezwa kwa React, akaupata mmoja uliokusudiwa kwa hoteli yenye bwawa la kuogelea. Ulikuwa na mawimbi ya buluu yanayocheza. Ulikuwa na ramani, kalenda na picha zinazoteleza zenyewe. Alifuta jina la hoteli, akaandika "Maji Msufini," kisha akapachika zamu za mistari. Kazi ikaisha.

Isack alisimama nyuma ya kiti chake, akatazama.

"Dogo, umetisha!" alisema. "Ila mbona ukurasa umebeba mizigo hivi? Hii ramani ya nini? Na hii sehemu ya kukodi vyumba mbona bado ipo humo ndani?"

"Imefichwa, braza, haionekani."

"Haionekani, lakini si inapakuliwa na kila anayefungua?"

"Braza, angalia inavyopendeza," alisema Herieth, akamnyang'anya simu yake ili aufungue humo. Simu ya Isack ilikuwa mpya, ya ofisi. Ukurasa ulifunguka papo hapo, na mawimbi yakaanza kucheza.

Jumatatu Mwalimu Gervas aliuona ukurasa kwenye kompyuta ya shule, akatabasamu.

"Umependeza. Mmejaribu kwenye simu ndogo?"

Najma akageuka kumtazama Herieth, maana alijua kwamba hakuna aliyejaribu.

"Ndiyo, mwalimu," alisema Herieth.

"Ukafunguka?"

"Vizuri kabisa."

Mwalimu alikuwa na madaftari ya kusahihisha na kengele ilikuwa inalia. Aliamini, akaondoka. Najma alifungua mdomo, akakumbuka kicheko cha siku ile, akaufunga.

Mzee Fransis aliuona ukurasa kwenye simu ya mwanawe, simu kubwa kama sahani, akafurahi mpaka akasahau fimbo yake dirishani. Siku ileile akabandua tangazo mlangoni. "Kuanzia leo hakuna makaratasi," aliwatangazia watu. "Kila kitu kiko kwenye simu!"

Alhamisi jioni Herieth alikuwa amesimama nje ya duka na wenzake wa klabu, wakinywa soda na kusifiwa na kila aliyepita. Akaja Mama Tusajigwe. Huyu ni mama wa makamo kutoka Mbeya, anaishi mstari wa juu, na nyumbani kwake analea watoto wadogo wa akina mama wanaokwenda kazini. Asubuhi wanamwachia, jioni wanawafuata, na watoto wanarudi wameoga na wameshiba. Hakuna mtu Msufini asiyemjua.

"Shikamoo, mama," walisema vijana.

"Marahaba, wanangu. Afadhali nimekukuta, Herieth. Hebu niangalizie. Nimefungua hiyo ya maji, naona peupe tu."

Herieth akapokea simu. Ilikuwa ndogo, kona moja ya kioo imepasuka. Akafungua ukurasa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kikapotea. Kikabaki kioo cheupe, bila wimbi, bila zamu, bila hata herufi moja.

Alijua hapo hapo. Najma alikuwa ameshalisema, na neno kwa neno ndilo lililokuwa mbele ya macho yake. Angesema, "Mama, niachie nikaangalie, huenda tumekosea," mambo yangekwisha. Lakini wenzake walikuwa wamemzunguka, na soda ilikuwa bado ya baridi mkononi.

"Ni simu yako, mama," alisema. "Hii imepitwa na wakati. Haiwezi vitu vya kisasa."

Mmoja wa vijana akacheka puani. Mama Tusajigwe aliichukua simu yake, akaifuta kioo kwa ncha ya khanga, kana kwamba ule weupe ni vumbi. Akajaribu kutabasamu.

"Basi samahani, mwanangu. Sie wengine tumeachwa nyuma."

Akaondoka akiwa ameificha simu ndani ya khanga. Herieth alimalizia soda yake, lakini haikuwa tamu tena.

Kesho yake, Ijumaa, fundi wa pampu alisema Jumapili angekuwa na kazi ya kuifungua, hivyo siku hiyo maji yasingetoka. Mzee Fransis akaamua zamu ya Jumapili ya mstari wa juu irudi nyuma, iwe Jumamosi alfajiri. Akampigia Mwalimu Gervas, mwalimu akamwagiza Herieth, na Herieth akabadilisha ukurasa kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye kompyuta ya shule mabadiliko yalionekana mara moja. Alipokuwa anafunga kompyuta, ule weupe wa simu ya Mama Tusajigwe ulimjia akilini. Akajiambia kwamba watu wataambiana.

Hawakuambiana. Jumamosi alfajiri maji yalipanda mstari wa juu, na nyumba chache zenye simu kubwa zikajaza matangi. Nyumba nyingine zote zilikuwa zimefunga koki, watu wamelala, wakiisubiri Jumapili. Jumapili wakafungua koki zao, ikatoka hewa inayokoroma tu.

Alasiri ile watu wa mstari wa juu walijaa mbele ya ofisi ya kamati. Herieth alikuwepo na mama yake, ingawa wao ni wa mstari wa kati. Mzee Fransis alitoka akiwa na hasira.

"Tangazo limetoka tangu Ijumaa!" alifoka. "Watoto wamehangaika kututengenezea kitu kizuri, nyie hamfungui. Mnataka tuwafuate majumbani, tuwabebee na ndoo?"

Watu wakaanza kunung'unika. Kijana mmoja akasema ukurasa wenyewe haufunguki, mwingine akasema wa kwake umefunguka vizuri, kelele zikapanda. Ndipo Mama Tusajigwe akasimama.

"Mwenyekiti, mie sitaki tugombane," alisema taratibu. "Kwa upande wangu kosa ni langu. Mtoto aliniangalizia, akanieleza kwamba simu yangu ndiyo mbovu. Ningeuliza majirani, sikuuliza. Ila nawaomba radhi akina mama mnaoniachia watoto. Kesho msiwalete. Sina maji ya kuwaogeshea wala ya kuwapikia."

Mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akashika kichwa.

"Jamani, mie kesho namwacha na nani? Kazini nimeshapewa onyo, nikikosa tena ndiyo basi!"

Mama Tusajigwe akainamisha uso. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Nimekuponza."

Herieth alijua la kusema. Sentensi ilikuwa fupi tu: simu yake haina kosa. Aliitafuta, akaipata, akaifikisha mpaka kooni. Wakati huohuo Mzee Fransis akamwona.

"Huyo pale binti wetu, Herieth!" alisema, akilainisha sauti. "Yeye ametimiza wajibu wake. Mpigieni makofi, ili na wenzake wapate moyo."

Watu wakapiga makofi. Mama Tusajigwe naye akapiga, tena kwa nguvu kuliko wengine. Herieth alisimama katikati ya makofi hayo, macho chini, akitamani ardhi ipasuke immeze. Mama yake akamgusa bega kwa fahari. Ile sentensi ikarudi tumboni.

Nyumbani alikataa kula. Kila alipofumba macho alimwona mama mtu mzima anaomba radhi mbele ya mtaa mzima kwa kosa asilolifanya. Mwishowe akachukua ndoo, akaijaza maji kwenye tangi lao, akamwambia mama yake anampelekea Mama Tusajigwe maji.

Kilima cha kwenda mstari wa juu kinajulikana kwa ukali wake. Maji yalimwagikia shingoni na mgongoni, naye hakuyajali. Alimkuta Mama Tusajigwe uani, anasuuza vikombe vidogo vya watoto kwenye maji ya kikombe kimoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Ndoo hii yote umebeba mwenyewe? Mungu akubariki, mwanangu. Mama yako amezaa mtoto."

Herieth akatua ndoo. Alikuwa amepanga kusema, lakini baraka ile ilimfunga mdomo. Mama Tusajigwe akakausha mikono, akatoa simu yake, akaiweka kwenye kiganja cha Herieth.

"Kaa hapa, unifundishe," alisema. "Nimefikiri sana. Labda simu si mbovu kiasi hicho, labda mie ndiye nabofya vibaya. Nionyeshe polepole, usinichoke. Nikikosea tena watu wataniona sifai kuachiwa watoto wao."

Machozi yakaanza kumtoka Herieth kabla ya maneno.

"Mama, hubofyi vibaya. Simu yako haina kosa."

"Kumbe?"

"Kosa ni langu. Nimechagua fremuweki kubwa, nikaweka mapambo mengi, ukurasa ukawa mzito. Simu nyingi za hapa haziwezi kuufungua. Najma alisema, nikamcheka. Mwalimu akaniuliza kama nimejaribu kwenye simu ndogo, nikamdanganya."

Mama Tusajigwe hakuelewa habari ya fremuweki, lakini mengine yote aliyaelewa. Kisha akauliza swali ambalo Herieth alikuwa analiogopa.

"Siku ile pale dukani, uliponiambia simu yangu imepitwa na wakati, ulikuwa unajua?"

Herieth angeweza kusema hapana. Angepona kidogo.

"Nilikuwa najua, mama."

"Na leo, wakati napiga makofi?"

"Nilikuwa najua."

Mama Tusajigwe aliichukua simu yake kutoka kwenye kiganja cha Herieth. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Siku zote hizi nimejiona mjinga," alisema. "Nimeona haya hata kuitoa simu mbele za watu. Kumbe bure." Akavuta pumzi. "Maji yako nimeyapokea, watoto watayatumia. Lakini samahani yako ya hapa uani hainitoshi. Walionisikia najilaumu walikuwa wengi. Nao wasikie na hili."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nenda, giza linaingia."

Jumatatu, klabu ilipokutana, Herieth alisimama mbele bila kuitwa. Alieleza yote. Alieleza habari ya ukurasa wa hoteli, vyumba vya kukodi vilivyofichwa ndani, na ule uongo. Sauti ilimkatika mara kadhaa, lakini hakukaa mpaka amemaliza. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Gervas alivua miwani akaiweka mezani.

"Kwa hiyo ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Umenisikitisha sana. Nami nilipaswa kuiona hiyo simu ndogo kwa macho yangu, badala ya kukimbilia madaftari. Hilo ni langu, na nitamwambia mwenyekiti."

Herieth akamgeukia Najma. "Najma, nisamehe. Nilikucheka wakati nilijua unasema kweli."

"Iliniuma," alisema Najma. "Nilijua hamjajaribu, nikaogopa kusema nisichekwe tena. Watu wamekosa maji, na mie nilinyamaza." Akasogeza kiti kidogo pembeni. "Kaa basi, tuanze."

Wakaanza upya, safari hii Najma akiongoza. Waliandika zamu kama maandishi ya kawaida, makubwa, meusi juu ya nyeupe. Fremuweki ndogo wakaipa kazi ya kitufe tu, cha mtu kuchagua mstari wake. Herieth mwenyewe ndiye aliyefuta mawimbi. Alikuwa ameyapenda yale mawimbi, na mkono ulisita kidogo kabla ya kubofya. Ukurasa uliobaki haukuwa na cha kumwonyesha mtu kwa majivuno, lakini ulikuwa mwepesi mno. Na kwa mara ya kwanza Herieth aliweza kueleza kila mstari wa maandishi yake unafanya nini.

Jumanne jioni Mwalimu Gervas aliwapeleka kisimani, saa ambayo watu wengi huwa pale. Herieth alipanda juu ya tofali mbele ya majirani walewale waliompigia makofi. Safari hii hakuna aliyepiga.

"Nimekuja kusema ukweli," alianza. "Mstari wa juu walikosa maji kwa sababu yangu. Ukurasa nilioutengeneza haufunguki kwenye simu nyingi. Nilidanganya kwamba nimeujaribu. Mama Tusajigwe aliponiletea simu yake nikamwambia ni mbovu, na nilijua si kweli. Naomba mnisamehe. Na naomba mjue kwamba yeye hana kosa lolote."

Wengine waliguna. Yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Bosi wangu alinielewa kwa bahati tu. Ungenikosesha kazi, binti." Herieth akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hakuwa na la kujitetea.

Mzee Fransis aliinama juu ya fimbo yake. "Kumbe na mimi niliwagombeza watu bure," alisema. "Mstari wa juu, mnisamehe. Kesho asubuhi maji ni yenu, nimeshamwambia mwalimu iandikwe kwenye ukurasa, mistari mingine itasubiri. Na tangazo la mlangoni ninalirudisha, liende sambamba na simu."

Mwalimu Gervas akawageukia wanafunzi wake, lakini alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"React haina kosa. Iko kazi ambayo ingetufaa sana. Sisi tulichagua kwa kutaka sifa. Anayechagua kifaa aanze na mtu atakayekitumia: ni nani, ameshika simu gani, ana bando kiasi gani. Hata hivyo, kuchagua vibaya ni kosa la kawaida, mnaona limerekebishwa kwa muda mfupi. Lakini mtu akishasema uongo ili kulificha, kosa linatoka kwenye kompyuta linaingia majumbani mwa watu. Msione aibu kusema hamjui. Oneni aibu kuwaacha wengine waumie kwa sababu hamkutaka kusema."

Wakati huo Mama Tusajigwe alikuwa ameshasogea mbele. Alitoa simu yake hadharani, akaifungua mwenyewe, akabofya. Najma alishika mikono yake nyuma. Kiduara hakikupata hata nafasi ya kuzunguka, maandishi yakajaa kwenye kioo kile kilichopasuka.

"Mstari wa juu," alisoma kwa sauti, polepole, ili wote wasikie. "Jumatano, asubuhi."

Watu wakasogea kujaribu za kwao. Herieth akamkaribia.

"Mama, utanisamehe?"

Mama Tusajigwe akamgeukia.

"Nimekusamehe, maana umesema mbele yao," alisema. "Lakini aibu uliyonitia haitaisha leo, na usitake iishe haraka. Siku nyingine mtu akikuambia kitu chako hakimfungukii, anza kukikagua cha kwako kabla hujamwambia yeye ni mbovu."

"Nimesikia, mama."

"Haya. Kesho uje mapema unisaidie kukinga."

Akaipandisha khanga begani, akaanza kupanda kilima huku simu yake iko mkononi, nje, watu wote wanaiona.